Bustani ya mtaa kando ya mto Themi: anzeni na ukingo

Kamati za mtaa zikipata fedha ya bustani hukimbilia mabenchi na geti. Nawasihi mfanye kinyume: ukingo wa mto kwanza, njia baadaye, mabenchi mwisho kabisa. Themi unashuka kutoka Mlima Meru, na mvua kubwa ikipiga huko juu, maji hufika Arusha mjini kwa kasi. Ukingo ukimeguka, unaondoka na kila mlichojenga juu yake.

Hatua ya 1: Someni maji. Tembeeni eneo lote wakati wa masika, Machi hadi Mei. Angalieni nyasi na mifuko iliyonasa kwenye matawi. Hapo ndipo maji yalipofika. Pigeni vigingi. Kisha muulizeni mama anayelima mchicha pale kando, maana yeye ameuona mto ukifurika miaka mingi.

Hatua ya 2: Vibali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo choo cha tofali kikae nje ya hapo. Anzieni kwa mtendaji wa mtaa, nendeni idara ya mazingira ya jiji, kisha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, kwani maji haya huingia mto Kikuletwa hadi bwawa la Nyumba ya Mungu.

Hatua ya 3: Ukingo. Hapa msiwe na haraka. Mtashauriwa kujenga ukuta wa zege. Kataeni: maji yakiupiga yanachimba chini yake, au yanahamia kumega upande wa jirani. Ukingo uliosimama wima uchongeni kwa jembe hadi ulale. Kila mita moja ya kwenda juu iwe na angalau mita mbili za kulala. Chini kabisa, maji yanapogusa, pangeni mawe makubwa na kuyazamisha kiasi. Juu ya mawe pandeni nyasi za vetiva kwa mistari inayokatiza mteremko, shina hadi shina sentimita 10 au 15. Ikishika, mizizi yake huzama mita mbili na zaidi, moja kwa moja chini. Nyuma yake pandeni mikuyu na miringaringa. Mikaratusi hapana kabisa, inakunywa maji mno. Pandeni mvua zinapoanza, na mzuie mbuzi.

Hatua ya 4: Njia. Ipite upande wa juu wa vigingi vyenu, upana mita 1.5. Udongo wetu wa volkano ni mwepesi, maji yakitiririka juu ya njia yanachimba mtaro. Kwa hiyo ilazeni kidogo kuelekea bondeni: wekeni ubao wenye pima maji kukatiza njia, upande wa chini uwe pungufu kwa sentimita 4 au 5. Mwagieni moramu, nyunyizieni maji, shindilieni, rudieni. Mpando usizidi sentimita 8 kwa kila mita, ili mwenye kiti cha magurudumu naye apite.

Hatua ya 5: Mabenchi yakae kivulini, pipa la taka liwe karibu na geti ambako gari linafika.

Baada ya kila mvua kubwa, mtu mmoja apite na jembe kuziba mitaro iliyochimbika njiani na kurudishia vetiva iliyong'oka.