Kusaka dhahabu na nikeli kwenye miamba ya kijani: anza na udongo unaoukanyaga

Niliwahi kuchoronga nikeli isiyokuwepo. Sampuli za udongo zilionyesha sehemu 3,000 kwa milioni, nikawashawishi wenye mtaji, mashine ikaletwa. Mashimo matatu yakatoa jiwe la sapentini, la kijani na laini kama sabuni, bila chembe ya salfaidi, yaani madini ya salfa yanayobeba nikeli niliyoisaka. Tangu hapo, nikiingia kwenye ukanda wa miamba ya kijani, yaani miamba ya kale sana ya volkano, ambao haujachunguzwa, kabla sijauliza udongo una nini, nauliza umetoka wapi.

Leseni na ruhusa ya wenye ardhi zikishapatikana, tandaza ramani ya sumaku iliyopimwa kwa ndege. Miamba ya chuma yenye mistari huonekana kama kamba inayong'aa. Kamba inapopinda ghafla au kukatika, tia alama. Dhahabu hupenda hapo: mwamba mgumu umepasuka, maji ya moto yamepita, na chuma kimeyapokonya maji hayo salfa yake mpaka dhahabu ikatua. Geita, Tanzania, dhahabu nyingi imo kwenye miamba ya namna hiyo.

Kisha tembea. Gawa eneo mafungu mawili: palipo na udongo uliozaliwa na mwamba ulio chini yake, na palipofunikwa na udongo uliosombwa kutoka kwingine. Fungu la pili usilichotee sampuli za juu, maana utakuwa unapima mlima wa jirani. Huko piga mashimo mafupi yafike kwenye mwamba uliooza. Kwa uzoefu wangu, mikanda mingi inayoitwa "haina kitu" ilichunguzwa juu ya udongo wa kuja.

Kwenye fungu la kwanza, pitisha mistari ikikata ukanda, mita 400 kati ya mstari na mstari, sampuli kila mita 50. Dhahabu ya sehemu 20 kwa bilioni inayojirudia kwenye mistari mitatu naiamini kuliko sehemu 500 za nukta moja. Aseniki ikiongozana nayo, ni bora zaidi.

Nikeli inataka subira. Komatiiti, lava ya kale iliyopewa jina la mto Komati wa Afrika Kusini, hubeba nikeli ya kama sehemu 2,000 kwa milioni ndani ya olivini, madini yake ya kijani, hata pasipo salfaidi, na mwamba ukioza kiwango hupanda. Ndicho kilichoniponza. Nikeli ikipanda na kromiamu tu, unapima mwamba wenyewe. Ikipanda na shaba, usiondoke hapo: huenda kuna salfaidi.

Sasa piga magoti na lenzi. Tafuta jiwe lenye michirizi kama majani makavu yaliyotupwa ovyo: ni olivini iliyoganda haraka. Majani hayo huwa mafupi karibu na mgongo wa mtiririko wa lava, yakarefuka kuelekea chini. Yafuate yanakorefuka utajua sakafu ya mtiririko iko upande gani, hata kama tabaka zimekunjwa zikapinduka. Salfaidi ni nzito, ilizama; Kambalda, Australia, ilikogunduliwa nikeli mwaka 1966, madini yalilala kwenye sakafu hiyo, juu ya basalti, lava nyeusi ya kawaida.

Pima sakafu hiyo kwa sumakuumeme, kwa sababu salfaidi iliyoshikamana hupitisha umeme. Jibu likija pale pale penye nikeli na shaba, ita mashine.