Leseni ya fiziotherapia Marekani kwa aliyesomea Kenya au Tanzania

Chagua jimbo kwanza, kabla hujalipa chochote. Marekani haina leseni moja ya nchi nzima. Kila jimbo lina bodi yake, na masharti yanatofautiana: California, kwa mfano, inaweza kumtaka aliyesoma nje afanye kazi chini ya usimamizi hadi miezi 9. Soma tovuti ya bodi yenyewe, usitegemee maneno ya wakala.

Kisha inakuja tathmini ya masomo, na miezi mingi hupotelea hapa. Majimbo mengi hupokea ripoti ya FCCPT, shirika la Marekani linalotathmini masomo ya wanafiziotherapia waliosoma nje. Wao hawatazami jina la shahada yako. Wanapima mada moja baada ya nyingine dhidi ya mtaala wa Marekani. Transkripti lazima itoke chuoni moja kwa moja, pamoja na silabasi za miaka uliyosoma wewe. Chuo kikishabadilisha mtaala, msajili hutuma silabasi ya sasa, haioani na transkripti, na faili linasimama. Basi nenda idarani mwenyewe, au mtume ndugu mwenye barua yako ya idhini. Itafuteni silabasi ya mwaka wako, hakikisheni inaonyesha saa za darasani na za wodini, ndipo mmpelekee msajili aigonge muhuri na kuituma.

Pengo la kawaida ni masomo ya jumla, kwa kuwa shahada zetu huingia kwenye taaluma tangu mwaka wa kwanza. Mengi ya hayo huzibwa kwa mitihani ya CLEP, inayokupa krediti za chuo bila kukaa darasani. Pengo la taaluma, kama farmakolojia au usomaji wa picha za eksirei, hudai kozi ya chuo. Iulize bodi kwa maandishi kabla hujailipia. Mwenye stashahada peke yake amalize shahada kwanza.

TOEFL, mtihani wa Kiingereza, usiidharau. Kenya na Tanzania hazimo katika nchi zenye msamaha, hata kama ulifundishwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi. Kila sehemu ina alama yake ya chini, na matokeo hudumu miaka 2 tu, kwa hiyo usiifanye mapema mno.

Majina yako matatu yawe yaleyale kwenye pasipoti, cheti na maombi. Likipungua moja, rekebisha sasa. Mlangoni pa mtihani hakuna msamaha.

Mtihani wenyewe wa leseni ni NPTE, mtihani wa fiziotherapia wa nchi nzima, unaosimamiwa na FSBPT, shirikisho la bodi za majimbo. Hufanyika Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Hufanyiwa Marekani na maeneo yake tu, kwa hiyo panga viza na nauli mapema. Alama ya kufaulu ni 600 kati ya 800. Unaruhusiwa mara 3 ndani ya miezi 12 na mara 6 maishani, na ukipata 400 au chini yake mara mbili, umefungiwa kabisa. Usiende kujaribu bahati.

Ukishafaulu, zinabaki alama za vidole na, katika baadhi ya majimbo, mtihani wa sheria za jimbo. Anayehamia kikazi anahitaji pia cheti cha uhamiaji cha mhudumu wa afya, ambacho ni ombi tofauti na leseni.