Kwenda Japani kusoma Kijapani: anza na Kiswahili chako

Wiki ya pili baada ya kufika Fukuoka nilimsimamisha mzee mmoja kituoni, nikamuuliza jengo ninalolitafuta liko wapi. Jengo kwa Kijapani ni "biru". Mzee akanitazama, akatazama saa yake, ilikuwa saa tatu asubuhi, kisha kwa upole kabisa akanionyesha duka la jirani lenye friji ya bia. Neno nililijua vizuri. Kilichoniponza ni mkazo wetu. Sisi huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na kuivuta kidogo bila hata kujua, na "biru" ikivutwa inakuwa "biiru", bia. Kadhalika "yuki" ni theluji na "yuuki" ni ujasiri. "Kite" ni njoo, "kitte" ni stempu.

Hakuna aliyewahi kunionya. Vitabu nilivyosomea viliandikwa kwa Kiingereza na vilinitahadharisha na makosa ya Waingereza. Ndiyo maana nasisitiza: jifunze Kijapani ukitokea kwenye Kiswahili, usizungukie Kiingereza. Irabu ni zilezile tano. Silabi zao karibu zote huishia na irabu kama zetu, na ile "n" yao inayosimama peke yake haiwezi kumsumbua mtu aliyetamka "nchi" tangu utotoni. "Kore, sore, are" ni hiki, hicho na kile, kwa mpangilio uleule: kilicho kwangu, kilicho kwako, kilicho mbali nasi sote. Unapohesabu, watu wana kiambishi chao, vitu bapa kama karatasi vina chao, vitu virefu kama chupa na penseli vina chao. Aliyelelewa na ngeli hilo halimtishi.

Adabu nayo tunayo tayari. Mfanyakazi anapomaliza zamu huambiwa "otsukaresama", na sijapata tafsiri inayoikaribia kama "pole na kazi". Ukiingia nyumbani kwa mtu unasema "ojama shimasu", mahali ambapo sisi tungepiga hodi. Kijapani cha heshima hubadilisha hata kitenzi: kula ni "taberu", mkubwa akila ni "meshiagaru", nawe ukijishusha mbele yake ni "itadaku". Mtu aliyefunzwa shikamoo anaelewa mara moja kwa nini lugha ijali nani yuko mbele yako. Kilichobaki ni kukariri.

Kabla hujapanda ndege, maliza hiragana na katakana, mifumo miwili ya kuandika silabi za Kijapani, herufi 46 za msingi kila mmoja. Wiki tatu au nne zinatosha ukiandika kwa mkono kila siku. NHK World, ya shirika la utangazaji la Japani, ina idhaa ya Kiswahili, na masomo yake ya Kijapani yanapatikana bure kwenye intaneti. Mtihani wa kupima kiwango cha Kijapani, JLPT, wenye ngazi tano kuanzia N5 ya chini hadi N1, hufanyika Nairobi mwezi Desemba. Shule nyingi za lugha zitakudai cheti cha N5 au uthibitisho wa saa 150 za masomo, kwa hiyo anza mapema. Kanji, yaani herufi zilizotoka Uchina, ndiyo mlima wenyewe: zile rasmi za matumizi ya kila siku ni 2,136, na darasani utakaa na Wachina wanaosoma mabango tangu siku ya kwanza. Uliza shule kama ina darasa la wasiotoka nchi za kanji. Usione haya kuuliza, ni swali la kawaida.

Njia kuu ni mbili. Ya kwanza ni ufadhili wa wizara ya elimu ya Japani, MEXT, unaoombwa kupitia ubalozi wa Japani nchini kwako. Kuuomba hakulipiwi, na anayekutoza "ada ya fomu" ni tapeli. Ya pili ni shule ya lugha kwa gharama yako. Mihula mikubwa huanza Aprili na Oktoba, na unaweza kusoma hadi miaka miwili. Shule ndiyo inayokuombea idara ya uhamiaji cheti cha kustahiki ukaazi, COE, nacho huchukua kati ya mwezi mmoja na mitatu. Ukishakipata ndipo unapeleka maombi ya viza ubalozini.

Hapa kwenye fedha naomba unisikilize sana. Ada ya shule nyingi ni kati ya yen 700,000 na 900,000 kwa mwaka. Rafiki yangu mmoja aliambiwa na wakala kwamba angeilipa yote kwa kazi za muda. Sheria inamruhusu mwanafunzi saa 28 kwa wiki, tena kwa kibali. Tuseme unalipwa yen 1,100 kwa saa: kwa wiki nne ni yen 123,200. Hapo toa pango, chakula, nauli, simu na bima. Kinachobaki hakifiki kwenye ada. Rafiki yangu akaanza kufanya kazi zamu mbili, akawa analala darasani, mahudhurio yakashuka, na mahudhurio yakishuka ukaazi haurefushwi. Alirudi nyumbani na deni ambalo wazazi wake bado wanalilipa. Usisafiri kabla ada ya mwaka mzima haijakamilika.

Sasa, kuzama katika lugha. Kufika Japani peke yake hakukufundishi Kijapani. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kiwanda cha chakula cha boksi, zamu ya usiku. Mkanda unapita, kila boksi naweka kipande kimoja cha karoti kwenye kona ya kulia. Barakoa usoni, mashine zinanguruma, hakuna anayezungumza. Miezi minne sikuongeza hata sentensi tano. Nikahamia jikoni kwenye mgahawa mdogo, malipo pungufu kidogo, na mama mwenye mgahawa alikuwa akinisahihisha kila ninapofungua mdomo. Kijapani changu kilizaliwa pale, nikiosha masufuria. Ukiweza kuchagua, chagua kazi yenye maneno.

Fikiria pia mji. Tokyo ina kila kitu, ikiwemo njia ya kuishi miaka miwili kwa Kiingereza. Katika miji midogo zaidi pango ni nafuu, na watu hawana budi kuongea nawe kwa lugha yao. Manispaa nyingi zina madarasa ya Kijapani ya watu wa kujitolea, bure au kwa fedha kidogo, na wengi wanaofundisha ni wastaafu wenye subira. Chuo Kikuu cha Osaka kina shahada ya Kiswahili, na wanafunzi wake wako Minoh, kaskazini ya jiji. Ukiwa karibu watafute, mbadilishane lugha saa kwa saa.

Mambo ya siku za mwanzo hayana mjadala. Kwenye viwanja vikubwa vya ndege utapewa kadi ya ukaazi, na papo hapo unaweza kuomba kibali cha kazi za muda. Ndani ya siku 14 tangu uhamie unapoishi, andikisha anwani ofisi ya manispaa, na siku hiyohiyo ujiunge na bima ya afya ya taifa. Ukienda hospitali utalipa asilimia 30 ya gharama.

Na takataka. Fukuoka hukusanya taka usiku, kwa mifuko maalumu, kila aina na siku yake. Mara ya kwanza nilikosea, asubuhi nikakuta mfuko wangu umeachwa na karatasi imebandikwa juu yake. Bibi wa ghorofa ya chini alitoka na kalenda ya mtaa, akakaa nami ngazini, akaniwekea alama siku za taka za kuungua, za chupa, na zisizoungua. Tulichukua kama nusu saa. Nilipomshukuru alisema niwe napita kwake nikikwama kusoma barua za manispaa, nami nikaanza kupita kila Jumatano.