Sisimizi wako anaona njia au ananusa? Mpime hivi

Kwanza chagua mdudu. Siafu hafai, wafanyakazi wao hawana macho. Wale wadogo wanaoandamana hadi kwenye kopo la sukari nao waache, hao ni wa harufu. Tafuta mkubwa, mwenye miguu mirefu, anayehangaika peke yake juani. Sungusungu anafaa, ila usimshike kwa vidole.

Hatua ya 1: Weka makombo ya biskuti mita tano hivi kutoka kiotani, pale pale, kwa siku mbili tatu. Akija, mtie nukta ya rangi ya kucha tumboni kwa ncha ya unyasi. Kichwani usiguse.

Hatua ya 2: Siku ya jaribio, fagia njia yote, kisha mwaga mchanga mpya ili kufuta harufu.

Hatua ya 3: Hapa ndipo nilipojidanganya kwa muda mrefu. Nilikuwa namkamata kwenye chakula, namhamishia pembeni, anakimbia mshale, nami nashangilia kwamba anaona njia. Kumbe anapotoka kiotani huweka hesabu ya mwelekeo na umbali, na ukimhamisha anaifuata hesabu hiyo hiyo, hata kama nyumbani si huko. Basi mwache arudi na kombo lake mpaka sentimita chache tu zibaki mlangoni. Hesabu imekwisha. Mfunike kwa chupa, mtie kwenye kisanduku chenye giza, mwachie katikati ya njia. Sasa kabaki na macho. Akiitambua njia, huzungukazunguka kidogo kisha huishika. Akidondosha kombo, jaribio hilo lifute; hana tena haja ya nyumbani.

Hatua ya 4: Rudia, lakini safari hii tundika kanga kwenye fito kuziba upande wenye miti na paa. Jicho lake halichambui vitu vidogo. Linashika umbo la pale vitu vinapokutana na mbingu. Mwaka 2009, watafiti Paul Graham na Ken Cheng waliwawekea sisimizi wa jangwa la Australia umbo hilo la bandia, jeusi tupu, wakalifuata. Wako akianza kutangatanga penye kanga, chomeka vijiti alikopita ulinganishe.

Na usifanyie chini ya mwembe. Mtafiti wa sisimizi Bert Hölldobler alionyesha mwaka 1980 kwamba sungusungu wa msituni husoma matawi yaliyo juu yao: mpangilio wa matawi ulipogeuzwa, nao waligeuka. Kanga yako ya pembeni haitaziba hayo.