Mtihani wa jimbo Marekani: usiitupe ile karatasi ya matokeo

Mbukwenyi. Andiko hili ni la mzazi anayeondoka Dodoma na mtoto wa shule ya msingi: walimu wa UDOM mnaokwenda Marekani kusomea uzamivu na familia, mlioshinda bahati nasibu ya green card, na yeyote anayejiandaa kumfuata mwenzake huko. Uandikishaji hautusumbui. Cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo, ripoti za shule zenye mhuri, mkataba wa nyumba wa kuonyesha unaishi eneo la shule. Shule ya umma ni bure, na mtoto hanyimwi nafasi kwa sababu ya makaratasi yake ya uhamiaji. Mahakama ya Juu ya kule ilishaamua hivyo mwaka 1982. Siku chache tu ameshaanza kupanda basi la njano na wewe umeshatuma picha kwenye grupu la ukoo.

Kinachouma kinakuja baadaye, na kinahusu nani anaamua mtoto wako asome hesabu ipi.

Sisi tunakaa Kent, jimbo la Washington. Jimbo, siyo jiji. Liko upande wa pili kabisa wa nchi, kwa hiyo shemeji wa Area C, Ikulu yao siioni dirishani, naomba tulimalize hilo leo. Binti yetu aliondoka Dodoma akiwa darasa la sita kwenye shule ya mchepuo wa Kiingereza, na hesabu ndilo somo lake tangu akiwa mdogo. Kule wakampanga darasa la sita kwa umri wake. Kila kikao cha wazazi ilikuwa sifa tupu: anafanya vizuri, ana adabu, ni furaha kuwa naye darasani. Tukashukuru, tukarudi nyumbani.

Kumbe majira ya kuchipua, wakati sisi tunashukuru, shule inapanga nani atasoma hesabu gani mwaka unaofuata. Barua ya kuwajulisha wazazi haikuja nyumbani. Iliwekwa kwenye akaunti ya mzazi mtandaoni, na ofisi ya shule ilipofungua akaunti yetu ilikosea herufi ya barua pepe, basi taarifa zote zikawa zinakwenda kwa mtu asiyekuwepo. Barua ilisema hivi: hili ndilo darasa tunalompendekezea mtoto wako, usipojibu kabla ya tarehe fulani tutahesabu umekubali.

Rudia kuisoma hiyo sentensi. Usipojibu, umekubali. Kwetu mwalimu wa taaluma akiwa na jambo zito anamwita mzazi, au anampa mtoto kikaratasi na kumwambia asikanyage shule bila mzazi. Kule ukimya wako ni sahihi yako.

Matokeo ya mtihani wa jimbo yakaja kiangazi, shule zimeshafungwa. Binti alikuwa ngazi ya nne katika hesabu, ngazi ya juu kabisa. Septemba shule zinafunguliwa, kawekwa kwenye darasa la chini la hesabu. Tukaenda kuuliza. Tukaambiwa kwa tabasamu kwamba madarasa yamejaa, ratiba imeshafungwa, tuangalie mwakani, na isitoshe bado anajifunza Kiingereza. Mtoto aliyefundishwa kwa Kiingereza tangu chekechea.

Hilo la Kiingereza lina asili yake. Siku ya kuandikisha unajazishwa fomu ya lugha ya nyumbani: mtoto alianza kuongea lugha gani, nyumbani mnaongea nini. Ukiandika Kiswahili, au Kigogo kama bibi yupo, mtoto anapewa kipimo cha Kiingereza. Asipofikia alama inayotakiwa anaingizwa kwenye orodha ya wanaojifunza Kiingereza, na kila mwaka, mara nyingi kati ya Januari na Machi, anafanya mtihani wa kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika mpaka avuke. Majimbo mengi, Washington likiwamo, yanatumia ule wa WIDA, ushirika wa majimbo unaotunga mtihani huo. Simwambii mtu adanganye kwenye fomu. Andika ukweli, msaada wa Kiingereza ni haki ya mtoto, na kuna watoto umewainua kwelikweli. Ila jua kwamba sheria hiyohiyo inayompa msaada hairuhusu kumzuia hesabu za juu kwa sababu tu ya Kiingereza chake. Hilo hawakutajii. Linakungoja uliseme wewe.

Mtu wa nyumbani ataona nakuza mambo: darasa la chini la hesabu si mwisho wa dunia. Angalia mpango wao ulivyo. Anayesoma Aljebra ya kwanza darasa la nane, la tisa anasoma jiometri, la kumi Aljebra ya pili, kisha matayarisho ya kalkulasi, na la kumi na mbili kalkulasi yenyewe. Aliyewekwa nyuma darasa la saba, asipopandishwa, kwa kawaida anamaliza sekondari bila kuigusa kalkulasi, halafu anaomba uhandisi akishindana na walioisoma. Ni kama basi la asubuhi la Kondoa: ukilikosa, lingine lipo, ila wenzako watakuwa wameshafika na kupumzika. Na hakuna atakayekwambia mtoto ameachwa. Ataendelea kuleta A.

Sasa huo mtihani wenyewe, maana wengi mnausikia mkidhani ni NECTA ya Wazungu. Mwaka 2010 majimbo mengi yalikubaliana viwango vya pamoja vya kusoma, kuandika na hesabu, na serikali kuu ikatoa zaidi ya dola milioni 300 kwa vikundi viwili vya majimbo, Smarter Balanced na PARCC, vitunge mitihani mipya. Kilio kilikuwa kwamba vijana wanamaliza sekondari na vyeti vizuri, wakifika chuo wanarudishwa kwenye masomo ya kujazia, wanayolipia ada bila kuhesabiwa kwenye shahada. Mitihani mipya ilitakiwa kusema mapema kama mtoto yuko kwenye njia ya kuwa tayari kwa chuo na kazi. Ilianza kufanywa kwa upana majira ya kuchipua ya 2015. PARCC imesambaratika karibu yote, Smarter Balanced ipo Washington, California, Oregon na majimbo mengine kadhaa, na Texas, ambayo haikuingia kabisa kwenye viwango hivyo, ina wake. Jina lolote litakalotumika uliko, sheria ya shirikisho ya mwaka 2015 inataka watoto wapimwe kusoma na hesabu kila mwaka kuanzia darasa la tatu hadi la nane, na mara moja sekondari. Mgeni asiyefika mwaka mmoja shuleni anaweza kusamehewa ule wa kusoma. Wa hesabu hasamehewi.

Washington hakuna divisheni. Hakuna kufeli, hakuna kuchaguliwa, hakuna jina mtandaoni. Mama mkwe wa Nkuhungu huuliza kila mwaka amekuwa wa ngapi. Mama, kule hakuna wa ngapi, na hata NECTA tangu 2023 imeacha kutangaza kumi bora. Inakuja karatasi yenye mchoro wa ngazi nne na alama ya tarakimu nne. Kwa hesabu za darasa la sita katika Smarter Balanced, 2552 ni kufikia kiwango na 2610 ni kuingia ngazi ya nne. Shemeji alipotajiwa alama aliuliza ni kati ya ngapi, kati ya mia au kati ya mia tatu, akaishia kusema watu wanalipwa kwa kazi za ajabu.

Mtoto aliyetoka kwetu anaangushwa na vitu viwili visivyo hesabu. Cha kwanza, mtihani unafanywa kwenye kompyuta, na kuna maswali yanayomtaka aeleze kwa maneno amepataje jibu. Binti alikuwa anapata jibu kichwani, halafu anakaa kutafuta herufi moja moja kwa kidole kimoja. Mfundishe kuchapa kabla hamjapanda ndege. Cha pili, katika Smarter Balanced kompyuta inamsoma: akipata, swali linalofuata ni gumu zaidi, akikosa linashuka. Mtoto wako akirudi analia kwamba mtihani ulikuwa mgumu, usimchape maneno, inawezekana ugumu huo kaupandia mwenyewe. Na hakuna kengele ya muda kama ya NECTA. Watoto wetu wamezoea kukimbizana na saa, wanamaliza kabla ya wote na kujisifu. Mwambie akae. Mitihani ya mazoezi ipo bure mtandaoni, na inatosha kuliko tuisheni.

Hapa nitatofautiana na wenyeji. Wazazi wengi wa kule, hasa wenye elimu na nyumba nzuri, wanauchukia mtihani huu. Jimbo la New York mwaka 2015 karibu mtoto mmoja kati ya watano hakuufanya kwa sababu wazazi walikataa. Jirani yangu, mama mkarimu sana, alinishauri tumwondoe na binti yetu, mtoto si namba. Ni kweli mtoto si namba. Lakini mtoto wake asipokuwa na namba ana mama anayemjua mkuu wa shule kwa jina la kwanza, anayejua barua zinatumwa mwezi gani na nani wa kumpigia. Watu hawa wana adabu ya kusifia kila kitu, hawakwambii jambo baya usoni, na ukitoka kwenye nchi ambako mwalimu anakwambia waziwazi kwamba mwanao ni mzembe, sifa hizo zinakulevya. Mwalimu anaposikia lafudhi anakadiria. Kompyuta haisikii lafudhi. Msiukatae mtihani huo, nawasihi, hata kama jirani ni mwema.

Maana karatasi ile ndiyo iliyotuokoa, kwa kadiri tulivyookolewa. Yako majimbo ambayo sheria inailazimisha shule iifuate. North Carolina tangu 2018, anayepata ngazi ya juu kabisa ya hesabu anatakiwa kupewa hesabu za juu. Texas mwaka 2023 ilipitisha kwamba wanaofanya vizuri darasa la tano waingizwe hesabu za juu darasa la sita bila mzazi kuomba. Washington ina sheria ya 2019 inayofanana, ila ni kwa madarasa ya sekondari, na binti alikuwa bado. Tuliandika barua pepe, siyo simu, tukaambatanisha matokeo, tukauliza swali moja: ni kigezo gani kilichomweka darasa hili, na kiko wapi kwa maandishi? Hawakuwa nacho. Tulikubaliwa apande mwaka uliofuata, kwa sharti asome wakati wa kiangazi sehemu aliyoiruka, na ada ya masomo hayo tulilipa sisi.

Kwa hiyo Februari, kabla hata ya mtihani, uliza darasa la hesabu la mwakani linapangwa lini na barua inatumwa wapi. Kagua barua pepe waliyoiandika, herufi kwa herufi, usiamini. Ingia mwenyewe kwenye akaunti, hata kama imejaa matangazo ya pizza na picha za darasa, kwa sababu barua yenye tarehe ya mwisho imelala humohumo. Kiingereza kikikupiga chenga, omba mkalimani. Shule inatakiwa kumleta bure, na usikubali mtoto ndiye akutafsirie kikao kinachomhusu.

Darasa la kumi na moja majimbo mengi yanatumia SAT au ACT, mitihani ya kuombea chuo. SAT sasa ni ya kompyuta, na 530 ya hesabu na 480 ya kusoma na kuandika ndizo wanazohesabu dalili ya kuwa tayari kwa chuo.

Dada zangu wa Kisasa na Mtumba wanaotaka kututumia vijana wa kidato cha tatu "wamalizie huko", jamani, tuongee kwanza. Washington mwanafunzi anahitaji krediti 24 kuhitimu, yaani pointi anazopata kwa masomo aliyofaulu, na shule ndiyo inayoamua masomo ya kwetu yanahesabiwa ngapi. Kijana wa miaka kumi na saba anaweza kujikuta anakaa na wa miaka kumi na tano. Tutumieni nakala za silabasi na ripoti zote zenye mhuri kabla hajapanda ndege, siyo baada. Na aliyemaliza sekondari kule akarudi, aanzie NECTA kupata ulinganifu wa matokeo yake, ndipo aombe chuo.