Mazoezi ya vidole kwa mpiga kinanda: pete, cha mwisho na gumba

Wasikilize wapiga kinanda wanaoanza hapa Malindi, wawe wa kanisani au wa taarabu ya harusi kule Maweni na Barani, utaona kwamba hawakosei ovyo ovyo. Wanakwama mahali pawili tu: pale kidole cha pete na cha mwisho vinapofuatana, na pale kidole gumba kinapotakiwa kupita chini ya vingine. Kwingine kote mkono unakwenda wenyewe. Kwa hiyo mazoezi ya saa nzima ya kupanda na kushuka bila kuchagua naona ni kumaliza stima bure. Dakika ishirini zikilenga sehemu hizo mbili zinatosha.

Mwongozo huu ni wa kinanda cha umeme cha vitufe 61, yaani oktava tano (oktava moja ni kutoka Do hadi Do inayofuata), ambacho ndicho wengi tunacho. Mwenye piano ya vitufe 88 atafuata vivyo hivyo. Nitatumia Do, Re, Mi, na Do yangu ni C siku zote.

Hatua ya 1: Kaa vizuri

Kosa ninaloliona zaidi ni kinanda kuwekwa juu ya meza ya kulia chakula na mpigaji kukalia kiti cha plastiki. Vitufe vinakaribia kifua, mabega yanapanda, na hakuna zoezi litakalosaidia. Kisugudi kiwe sawa na vitufe au juu yake kidogo. Meza ikiwa ya juu mno, panga viti viwili vya plastiki kimoja ndani ya kingine, au kalia mto mgumu.

Acha mikono ining'inie ubavuni, kisha ipandishe juu ya vitufe bila kubadilisha umbo lake. Mpindo ule wa vidole unaoupata ndio unaotakiwa. Kifundo cha mkono kisizame wala kisipande. Vidole vinahesabiwa hivi kwa mikono yote miwili: gumba ni 1, cha shahada 2, cha kati 3, cha pete 4, cha mwisho 5.

Hatua ya 2: Ujue mkono wako

Weka kiganja mezani, kunja kidole cha kati uingize chini ya kiganja, halafu jaribu kuinua kila kidole kimoja kimoja. Cha pete hakitaki. Si uvivu: kano zinazokiinua zimeunganishwa na za jirani zake nyuma ya mkono, kwa hiyo jirani akifungwa na yeye anafungwa. Tena misuli mikubwa inayokunja vidole haimo vidoleni. Imo kigashani, kati ya kifundo na kisugudi. Ukikaza mkono ili kukipa cha pete nguvu, unakaza kigasha chote na vidole vyote vitano vinakuwa vizito.

Hapo ndipo ninapotofautiana na desturi ya zamani. Charles-Louis Hanon, Mfaransa aliyetoa kitabu chake cha mazoezi 60 mwaka 1873, aliagiza vidole viinuliwe juu sana. Mazoezi yake nayatumia, agizo hilo siligusi. Inua kiasi cha kukiachia kitufe kirudi juu, basi.

Hatua ya 3: Vidole vitano, polepole

Weka gumba la kulia kwenye Do, na vidole vingine kwenye Re, Mi, Fa, So. Chagua sauti ya ogani, si ya piano. Sauti ya piano hufifia yenyewe na kuficha uzembe. Ya ogani huendelea mpaka uachie kitufe, kwa hiyo noti mbili zikipandana utazisikia zikigombana, na pengo likiwapo kati yake utalisikia pia.

Weka metronomu, yaani kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye 60 kwa dakika, noti moja kwa kila mdundo. Piga 1-2-3-4-5-4-3-2-1. Kisha yaache haya ya kawaida uingie kwenye kazi yenyewe: 3-4-3-4, halafu 4-5-4-5, halafu 3-5-4-5. Kila jozi dakika moja, kisha mkono wa kushoto. Baada ya kila kitufe kushuka, legeza. Ndiyo shabaha ya hatua hii nzima: kidole kinabaki kimeshikilia kitufe lakini nguvu ya kukishusha imekwisha kutoka. Mkono wa pili uuguse kigasha uhisi kama kimekaza.

Hatua ya 4: Zoezi la kwanza la Hanon

Mkono wa kulia unapiga Do-Mi-Fa-So-La-So-Fa-Mi kwa vidole 1-2-3-4-5-4-3-2. Halafu unasogea kitufe kimoja na kurudia: Re-Fa-So-La-Ti-La-So-Fa. Unaendelea hivyo kwa oktava mbili. Mkono wa kushoto unapiga noti zile zile, oktava moja chini, kwa vidole 5-4-3-2-1-2-3-4.

Faida yake iko kwenye ule mruko wa mwanzo. Kushoto, ni 5 na 4 wanaotanuka kutoka Do hadi Mi, wale wale wanyonge wetu. Wengi hufanikiwa kulia na kuburuta kushoto, kisha wanaunganisha mikono na kulia kunaficha aibu. Usiunganishe kabla kushoto hakujasikika safi peke yake.

Hanon alipanga mwendo uanzie 60 kufikia 108, noti nne kwa kila mdundo. Kwa anayeanza, 60 ya namna hiyo tayari ni mbio. Anza na noti mbili kwa mdundo. Panda hatua nne nne za metronomu, na ukisikia noti zimeacha kulingana, rudi nyuma mbili. Likikuchosha, badilisha mapigo: noti ndefu kisha fupi, ndefu kisha fupi, halafu kinyume chake. Noti fupi zinakilazimisha kila kidole kwa zamu kujiandaa mapema, na ukirudi kwenye mapigo sawa utaona kuna kitu kimefunguka.

Hatua ya 5: Gumba lipite

Skeli ya Do, yaani noti za kupanda moja moja kutoka Do hadi Do inayofuata, kwa mkono wa kulia ni 1-2-3-1-2-3-4-5. Gumba linapita chini baada ya Mi kuipiga Fa. Kwa kushoto ni 5-4-3-2-1-3-2-1, na hapo ni cha kati kinachovuka juu ya gumba. Usisubiri dakika ya mwisho. Mara kidole cha shahada kinapopiga Re, gumba lianze safari yake, mfano wa kondakta wa matatu anayekaa mlangoni kabla ya kituo. Zoezi dogo la kutenga hatua hiyo: Mi-Fa-Mi-Fa kwa 3-1-3-1, kisugudi kikiwa kimetulia. Kisugudi kikiruka nje, gumba limechelewa.

Ajabu ni kwamba skeli ya Do, yenye vitufe vyeupe vitupu, ni ngumu kwa mkono kuliko inavyoonekana. Chopin, mtunzi na mpiga piano mashuhuri wa karne ya 19, alikuwa akiwawekea wanafunzi wake vidole kwenye Mi, vitufe vyeusi vitatu vinavyofuata, kisha Ti. Vidole virefu vinakaa juu ya vyeusi, vifupi vinabaki kwenye vyeupe. Jaribu. Mtu anayedhani vidole vyake vina kasoro hupata nafuu papo hapo.

Hatua ya 6: Hijazi, kwa wa taarabu

Hijazi ni mpangilio wa noti wa muziki wa Kiarabu, na kitabu cha Ulaya hakitakupa hiki. Piga Re, kitufe cheusi kati ya Re na Mi, kitufe cheusi kati ya Fa na So, kisha So: 1-2-3-4. Kati ya 2 na 3 pana mtanuko mpana, ndio unaoipa hijazi ladha yake, na ndio unaomfanya mpigaji aburute madoido. Panda na kushuka polepole, kisha cheza 3-4-3-2 haraka kidogo, mara nyingi mfululizo. Ukitaka oktava nzima, baada ya cheusi cha pili pitisha gumba kwenye So: 1-2-3, kisha 1-2-3-4-5 kwa So, La, cheusi kati ya La na Ti, Do na Re.

Maumivu na joto

Uchovu wa kigasha ukianza kuwaka, simama. Maumivu makali, ganzi au kuchomwachomwa vidoleni si dalili ya bidii. Pumzika siku kadhaa, na yakirudi nenda hospitali. Robert Schumann, mtunzi wa Kijerumani, aliharibikiwa mkono wa kulia angali kijana, na ndoto yake ya kuwa mpiga piano ikaishia hapo.

Miezi ya kaskazi, ambapo jasho linafanya vitufe viteleze, fanya mazoezi alfajiri au usiku, na kitambaa kikavu kiwe karibu. Ukimaliza funika kinanda kwa leso. Vumbi na hewa ya chumvi vikiingia chini ya vitufe, baadhi vitaanza kugoma na utadhani ni kidole chako.

Stima ikipotea, hatua ya 2 na ya 3 zinafanyika mezani.

Hatua ya 7: Upeleke kwenye wimbo

Dakika kumi za mwisho ni za wimbo utakaoupiga. Tafuta kipande unachokwama, mara nyingi noti nne au tano tu, uangalie ni 4-5 au ni gumba. Amua vidole, viandike kwa penseli juu ya noti au kwenye karatasi ya maneno ya wimbo, na usivibadilishe tena. Ukivibadilisha Ijumaa, Jumamosi harusini mkono utarudia vya zamani.