Pizza na vya baharini kwenye mgahawa wa Kiitaliano: agiza kwa zamu

Kosa ninaloliona kila siku ni watu kukaa tu mezani wanaagiza vyote kwa mpigo, pizza, pasta, ngisi, alafu vinashuka pamoja meza inajaa na nusu yake inaliwa imeshapoa. Usifanye hivyo. Mwambie weita alete kimoja kimoja, na hata mgahawa uwe wa kawaida kabisa hilo wanalijua.

Anza na fritto misto, yaani ngisi na kamba wa kukaangwa. Hii haisubiri mtu, dakika chache tu ule ukavu wa nje umeisha inakuwa kama mpira, kwa hiyo ikifika acheni stori kwanza mle. Limau kamulia kidogo kidogo unavyokula, ukimwaga lote juu kwa mara moja unailowesha.

Pizza nayo ikiwa ni ya mtindo wa Napoli inaiva kwenye oveni ya nyuzi 430 hadi 480 kwa sekunde 60 mpaka 90 tu, ndo maana katikati inakuwa laini na ina majimaji, si kwamba haijaiva, usiirudishe jikoni. Kata kwa kisu na uma au kunja kipande. Na hapa wengi wanaingia chaka: pizza marinara HAINA samaki hata mmoja, ni nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni basi. Ukitaka vya baharini tafuta palipoandikwa frutti di mare. Na ukiona peperoni kwa Kiitaliano ni pilipili hoho, sio ile soseji ya viungo, kwa hiyo kama kuna nyama huli uliza kabla.

Pasta ya vongole, wale kome wadogo wenye maganda, ikija usiombe chizi. Waitaliano wengi hawaweki chizi kwenye pasta ya samaki na mi nawaunga mkono kabisa, ladha ya bahari ni nyepesi, chizi ikiingia unabaki unasikia chumvi na maziwa. Ganda ambalo halikufunguka lilipopikwa liache pembeni usilazimishe kulifungua. Mchuzi ukibaki chini futa na mkate, wenyewe wanaita scarpetta, kwenye mgahawa wa kawaida hakuna atakayekushangaa.

Kitu cha mwisho ni samaki mzima, hapo kuwa makini sana maana mara nyingi bei kwenye menyu ni ya uzito, kule Italia wanaandika kwa etto ambayo ni gramu 100, so unaona bei ndogo unafurahi kumbe samaki ana gramu 800 na unalipa mara nane. Omba wakuletee umwone, wampime mbele yako wakutajie jumla, ndo waende kumchoma.